Ufalme wa siku moja Capri

Mvuvi mmoja wa kisiwa cha Capri alivua mkundaji mkubwa, akaona samaki wa hadhi ile hastahili kuishia sokoni. Akapanda naye majabali ya upande wa nyuma wa kisiwa, kusiko na njia, hadi akamtokea bwana wa kisiwa ili amkabidhi zawadi. Bwana huyo alikuwa Tiberius, mtawala wa Roma, aliyehamia Capri mwaka 27 baada ya Kristo kuwakimbia watu. Tiberius alishtuka, na hofu ikageuka hasira: akaamuru mvuvi asuguliwe uso kwa samaki wake mwenyewe. Katika maumivu yale mvuvi akajisemea kwa sauti kwamba afadhali hakuja pia na yule kamba koche mkubwa aliyemnasa. Maneno yakamfikia Tiberius. Kamba koche akaletwa, na uso ukasuguliwa upya.

Kisa hiki tumeachiwa na Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyezaliwa baada ya Tiberius kufa na ambaye umbea haukumpita hivi hivi, kwa hiyo kipokee kwa tahadhari. Hata hivyo tabia ya Capri imo humo yote. Ni mahali ambapo mwenye uwezo huja ili awe peke yake, na anayeibuka kutoka baharini bila kualikwa hukiona cha mtema kuni. Augustus, aliyemtangulia Tiberius, aliwarudishia watu wa Napoli kisiwa kikubwa cha Ischia ili tu yeye apewe Capri. Mwaka 1900 tajiri wa chuma wa Ujerumani, Friedrich Alfred Krupp, alianza kuchongesha njia yake ya kujipinda ubavuni mwa genge, ashuke kutoka hotelini hadi pwani bila kusukumana na mtu. Siku hizi maradhi hayo yana dozi ndogo: unakodi mashua na nahodha wake asubuhi, na hadi jioni bahari ni yako.

Tulikuwa watu wanane, wengi wao Wakenya wa pwani wanaoishi kandokando ya Napoli. Aliyepanga safari ni dada mmoja wa Malindi aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita, ambaye Kiitaliano alikijulia ufukweni kwao kabla hajapanda ndege. Kwenye gati la Sorrento alimsikiliza nahodha akitaja bei, akamwacha amalize, kisha akamwambia kwa lafudhi ya Napoli kabisa: "Kaka yangu, sisi si Wamarekani." Nahodha akacheka. Bei ikashuka kutoka euro 900 hadi 700, mafuta yakiwemo, na kila mtu akatoa mchango wake pale pale kama tunachangia harusi.

Sehemu hiyo ya mafuta ndiyo ya kushikilia. Wakati wa kiangazi mashua ndogo yenye nahodha hukodishwa kwa mamia ya euro kwa siku, na zile za kifahari huvuka elfu bila haya, lakini bei inayobandikwa mara nyingi haihesabu mafuta. Uliza hilo kwanza, halafu uliza saa ya kurudi. Sheria ya Italia inamruhusu mtu mzima asiye na leseni kuendesha boti yenye injini ya hadi farasi 40, kwa hiyo wapo wanaokodi boti tupu na kujipeleka wenyewe. Sikushauri. Kati ya rasi ya Punta Campanella na Capri kuna kilomita tano tu za maji, lakini ndani ya kilomita hizo zinapishana meli za abiria, boti za kasi na majumba ya matajiri yanayoelea, na kila kimoja kinaacha mawimbi yake nyuma.

Chombo chenyewe wenyewe hukiita gozzo. Zamani kilikuwa cha wavuvi: mbao, omo na tezi zote zimechongoka, kifua kipana, na mlingoti wenye tanga la pembetatu, la ukoo mmoja na matanga ya majahazi yetu. Leo vingi ni vya fiba, vina dizeli tumboni na godoro jeupe mbele kwa wanaotaka kuota jua, ila umbo limebaki. Mzee yeyote wa Lamu angeupapasa ubavu wake na kutingisha kichwa kwa kuridhika, kisha angeuliza tanga limekwenda wapi.

Kitu kingine kingemshangaza mzee huyo hata kabla ya kung'oa nanga. Kamba za mashua zimefungwa fupi, zimekazwa hadi gatini, hazikuachiwa ulegevu wowote. Kwetu ukifunga hivyo maji yakijaa, saa sita baadaye utaikuta mashua inaning'inia. Huko hakuna bamvua la kuogopa. Maji hupanda na kushuka sentimita thelathini, arobaini, basi. Kwetu ni mita tatu hadi nne. Nahodha wa Sorrento haulizi maji yamefika wapi. Anachouliza ni upepo. Asubuhi bahari huwa shwari, lakini mchana huweza kuamka upepo wa kaskazini-magharibi wanaouita maestrale, na ukikaza, mipango yote ya siku hugeuka.

Ndiyo maana tuliondoka saa mbili na nusu na kuelekea moja kwa moja kwenye Grotta Azzurra, pango la buluu, kabla upepo haujaamka. Mdomo wa pango hilo unatazama kaskazini-magharibi, kule kule unakotokea maestrale, na mawimbi yakiinuka kidogo tu pango linafungwa. Nahodha hakutuahidi chochote. Alisema tutajua tukifika.

Tulipofika tulikuta foleni ya mashua zilizozima injini, zinayumba bila utaratibu unaoonekana kwa mgeni. Chombo chako hakiingii. Unahamia kwenye mtumbwi mdogo wa makasia, watu wanne pamoja na mpiga makasia, kisha mtumbwi unapita kwenye chelezo la tiketi; kwetu ilikuwa euro 18 kwa kichwa, kiingilio na makasia. Tundu la kuingilia lina upana wa mita mbili hivi na kimo cha mita moja juu ya maji. Mpiga makasia anawaamuru wote mlale chini kabisa, kichwa cha huyu kwenye mapaja ya yule. Yeye anashika mnyororo uliopigiliwa kwenye mwamba, anasubiri. Wimbi linapanda na kuliziba tundu karibu lote. Linashuka. Anavuta mara moja kwa nguvu huku akijitupa chali, na jiwe linapita karibu na pua yako kiasi cha kusikia harufu ya chumvi iliyokaukia juu yake.

Ndani ni ukumbi wenye urefu wa mita 60 na upana wa 25, na nuru haitoki juu. Chini ya tundu uliloingilia lipo tundu jingine kubwa zaidi, limezama, na jua linapenya humo kupitia maji. Maji hunyonya rangi nyekundu, yanabakiza buluu, na buluu hiyo ndiyo inayopanda kutoka sakafuni na kuwapiga watu usoni kutokea chini. Mtoto mmoja wa kundi letu alichovya mkono, ukang'aa kama fedha hadi kwenye kifundo. Akautoa, ukawa mkono. Akauchovya tena. Mpiga makasia alikuwa ameshaanza kuimba, kwa sauti nzuri na kwa matarajio ya bakshishi, na tulikuwa hatujamaliza kushangaa alipogeuza mtumbwi. Ni dakika tano hivi. Dada yetu wa Malindi alisema amewahi kukaa muda mrefu zaidi kwenye lifti.

Vitabu vya wasafiri husema pango hili liligunduliwa Agosti 1826 na August Kopisch, mshairi na mchoraji wa Kijerumani. Aliyempeleka ni mvuvi wa kisiwani, Angelo Ferraro, ambaye alishaingia humo kabla yake. Wasomaji waliofundishwa shuleni kwamba Speke aligundua ziwa mwaka 1858, ilhali Wakerewe na Wasukuma walikuwa wakivua humo siku zote, hawahitaji maelezo zaidi. Na hata wavuvi wa Capri hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1964 wapiga mbizi walitoa sanamu za Kirumi sakafuni mwa pango. Enzi za Tiberius lilikuwa limepambwa kwa miungu ya bahari, bila shaka kwa ajili ya watu wachache sana. Baadaye watu wa kisiwani walilikwepa wakisema lina mashetani. Pengine walikuwa na kumbukumbu nzuri.

Kutoka hapo mashua huzunguka kisiwa, na hapa ndipo pesa ya kukodi inapojilipa. Capri ina kilomita za mraba kumi na kitu tu, lakini sehemu kubwa ya ukingo wake ni magenge yaliyosimama wima, na aliye juu barabarani haoni anachosimama juu yake. Aliye chini ndiye anayekiona kisiwa. Mnara wa taa wa Punta Carena ukishapita, pwani ya kusini inafunguka: mapango ambayo kila moja nahodha ana jina lake na uongo wake, maji ya kijani, kisha buluu nzito, kisha ghafla meupe juu ya mchanga.

Nahodha wetu alikuwa mchaguzi wa pa kutia nanga. Alizunguka mahali pamoja mara mbili, akichungulia chini, hadi akapata doa la mchanga. Weusi uliotandaa pembeni, alitueleza, ni posidonia, aina ya nyasi za baharini isiyoota popote duniani ila Mediterania. Hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, na humo ndimo samaki wanamotagia na kulelea vifaranga vyao. Nanga moja inaburura na kung'oa kazi ya miaka mingi. Wakati anaeleza hayo, boti kubwa ya vijana wenye muziki ilitupa nanga yake katikati ya weusi huo, mita kadhaa kutoka tulipo. Alipiga kelele. Walimpungia mkono kwa furaha wakidhani anawasalimu.

Tuliogelea. Ilikuwa Juni, na Mwitaliano yeyote angekuambia maji ni mazuri. Kwa mtu aliyezaliwa Watamu maji yale ni baridi, tusidanganyane; wanaume walijirusha kwa sababu wake zao wanatazama, na walitoka haraka kuliko walivyoingia. Agosti hufika nyuzi 26 hivi, ambapo Bahari ya Hindi hufika bila kujitahidi. Lakini Agosti Italia nzima iko likizo na unaweza kuvuka kutoka mashua hadi mashua bila kulowa.

Mbele kidogo iko Marina Piccola, pwani ndogo chini ya njia ya Krupp, na bustani iliyo juu yake ina mnara wa ukumbusho wa Lenin. Wengi hudhani wamesoma vibaya. Maxim Gorky, mwandishi wa Urusi, aliishi uhamishoni Capri kuanzia 1906 hadi 1913, na Lenin alimtembelea mwaka 1908 na tena 1910. Gorky anasimulia kwamba wavuvi walimchukua Lenin baharini wakamfundisha kuvua kwa mshipi mtupu, bila ufito: uzi unauzungusha kidoleni, na kidole kikihisi mtikisiko, vuta. Wakamwonyesha kwa sauti: drin, drin. Mara samaki akakamata, Lenin akamvuta huku akipiga kelele drin drin kama mtoto, na wavuvi wakambandika jina hilo. Alipoondoka waliendelea kumuuliza Gorky habari za Bwana Drin-Drin, na kama mfalme wa Urusi hajamkamata. Mvuvi wa Msambweni au Kizimkazi anaufahamu mshipi ule na kidole kile. Kati ya wageni wote wakubwa wa Capri, huyu ndiye pekee ninayemjua aliyekwenda kuvua na wenyeji badala ya kuwakimbia.

Faraglioni ndiyo picha ya kila kadi ya posta: nguzo tatu za mawe zilizosimama baharini, ndefu kuliko zote ikifikia mita 109, na ya kati ina tao ambalo mashua hupita chini yake. Desturi ni kwamba wapenzi wabusiane wakipita. Manahodha huipenda desturi hiyo kwa sababu huleta wateja. Mimi nilivutiwa zaidi na nguzo ya nje kabisa, kwa sababu juu yake wanaishi mijusi wa buluu wasiopatikana kwingine, waliotengwa na jamaa zao hadi wakageuka rangi. Kutoka mashuani huwezi kuwaona. Unaambiwa tu wapo, unaamini.

Baada ya Faraglioni inaonekana nyumba moja nyekundu iliyokaa juu ya ncha ya mwamba, na paa lake ni ngazi. Ni ya mwandishi Curzio Malaparte, aliyeanza kuijenga mwaka 1938, na Godard aliipigia filamu mwaka 1963. Barabara haifiki. Halafu, upande wa kaskazini-mashariki, genge la karibu mita mia tatu ambalo inasemekana Tiberius aliwatupia waliomchosha, na juu yake magofu ya Villa Jovis.

Magofu hayo yana jambo ambalo waongozaji hulipitia mbio wakikimbilia visa vya ukatili. Katikati ya kasri palikuwa na mabirika makubwa ya kukusanyia maji ya mvua, na vyumba vikajengwa kuyazunguka. Capri haina mto, na chemchemi zake hazikuwahi kumtosheleza mtu. Hadi karne iliyopita maji yaliletwa kwa meli, na bomba la chini ya bahari lilifika mwaka 1978. Tarehe 22 Juni 2024 hitilafu kwenye mfumo upande wa bara ilikata maji, na meya akapiga marufuku watalii kushuka kisiwani. Meli zilizokuwa njiani ziligeuzwa. Wenyeji waliruhusiwa kupita. Saa chache baadaye maji yalirudi na marufuku ikaondolewa, lakini siku ile ilionyesha hesabu halisi: wakazi hawafiki 15,000, na siku ya kiangazi watalii huweza kufika 16,000, wote wakitaka kunawa.

Tulishuka Marina Grande kwa saa moja na nusu, na ningeweza kuiacha. Mashua za kukodi haziruhusiwi kukaa gatini. Nahodha anakushusha, anasogea nje, mnaelewana saa ya kukuchukua. Juu kunapandwa kwa treni ndogo ya kamba iliyoanza kazi mwaka 1907, na foleni yake ilikuwa imeshapinda kona mbili. Waliotangulia walirudi wakisema uwanja wa juu una kahawa ya bei ya mlo. Hapo ndipo nilipowahurumia waliofika kwa meli ya abiria, ingawa nauli yao ilikuwa ndogo mno kuliko mchango wetu: wao wamepewa Capri ya foleni, na ile nyingine wanaiona dirishani kwa dakika chache. Sina hakika kwamba huruma hiyo ni ya kujivunia. Ndiyo ile ile ya Tiberius, ila yangu ilikuwa na saa ya kurudi.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anayepiga hesabu, foleni ndefu zaidi haipo Marina Grande. Ipo ubalozini. Ada ya viza ya Schengen imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na juu yake kuna taarifa za benki, bima, barua ya mwajiri na miadi ambayo hupatikana tarehe isiyokufaa. Mwitaliano anayekuja Malindi hujaza fomu mtandaoni jioni moja akiwa kwenye kochi.

Chakula cha mchana tulikila upande wa bara, Nerano, ghuba ndogo ambako manahodha wengi huwapeleka wageni wao. Unafunga kwenye boya, mgahawa unatuma kijana na boti ya mpira, unafika mezani miguu mitupu. Huliwa tambi za hapo hapo, zilizochanganywa na zukini zilizokaangwa na jibini, hakuna nyama wala samaki. Dada alitabiri tutazikosoa. Hakuna aliyezikosoa. Mtu mmoja aliomba pilipili, akaletewa mafuta yenye pilipili ndani, akayamaliza.

Nahodha alikaa nasi, na ndipo alipotuuliza vizuri tunakotoka. Watamu aliijua. Kazi ya mashua huisha Oktoba, alisema, na Januari yeye huenda kwenye joto kama wenzake wengi. Amewahi kupelekwa kwenye lile fungu la mchanga la Watamu ambalo Waitaliano wamelibatiza Sardegna Due, Sardinia ya pili, ambalo hutokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Jambo hilo lilikuwa halijamtoka kichwani. Katika maisha yake yote ya baharini hakuwahi kuona bahari ikiondoka. Alikuwa amekaa mchangani na kiti chake, alisema, na mara nahodha wa pale akaanza kuwakusanya wote wapande haraka, akadhani kuna ugomvi.

Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza tu, ni kiasi gani mashua nzima kwenda huko. Dada akamtajia bei wanayolipa ndugu zake. Nahodha akaweka uma chini, akaomba arudie, kisha akahesabu kwa vidole. Yeye alikuwa ametozwa mara tatu.

"Hukuwaambia kwamba wewe si Mmarekani," dada akamwambia.